Mgongoni mwa jezi ya mwanao liandikwe jina gani?

Ni Jumamosi asubuhi. Mzazi amesimama mbele ya meza ya fundi wa kuchapa jezi Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mkononi ana jezi ndogo ya timu ya mtaani, na pembeni yake yupo mtoto wa miaka tisa ambaye hatulii kwa furaha.

Fundi ana maswali mawili tu. La kwanza ni jepesi: namba ngapi? La pili ndilo linaloleta kimya: mgongoni tuandike jina gani?

Mtoto anataka jina lake, lile analoitwa na wenzake wanapoomba pasi. Baba anataka jina la ukoo, watu wajue huyu ni mtoto wa nani. Mama anawaza jambo jingine kabisa: je, ni salama mtoto kutembea barabarani huku jina lake limeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa?

Hakuna kati yao aliyekosea. Maswali hayo hayo yamezikuta klabu kubwa, timu za taifa na wachezaji maarufu duniani. Namna walivyoyajibu inaweza kumsaidia mzazi kabla hajatoa hela ya kuchapa.

Kwanza zilikuwa namba tu

Jezi za zamani hazikuwa na jina wala namba. Nchini Uingereza, fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1933 kati ya Everton na Manchester City ilichezwa kwa namba 1 hadi 22. Everton walivaa 1 hadi 11, City wakavaa 12 hadi 22. Ligi ya huko ikafanya namba kuwa lazima mwaka 1939.

Majina yalichelewa zaidi. Huko Marekani, timu ya besiboli ya Chicago White Sox iliandika majina ya wachezaji mgongoni mwaka 1960. Ligi Kuu England ilifanya hivyo kuanzia msimu wa 1993/94.

Sababu ilikuwa nyepesi. Mtu aliyekaa jukwaani, au anayetazama kwenye televisheni, amjue mchezaji mmoja na asimchanganye na mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya jina la jezi: kutofautisha.

Kwa Waingereza jina la ukoo lilitosha, kwa sababu timu moja huwa na koo nyingi tofauti. Shida huanza pale wachezaji wengi wanapobeba jina moja.

Suzuki ni wengi, Ichiro ni mmoja

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Japan. Mwaka 1994 timu ya besiboli ya Orix BlueWave ilipata kocha mpya, Akira Ogi. Katika kikosi chake alikuwamo kijana wa miaka 20 aitwaye Ichiro Suzuki.

Nchini Japan, Suzuki na Sato ndiyo majina ya ukoo yanayobebwa na watu wengi kuliko mengine yote. Jezi iliyoandikwa SUZUKI isingemwambia mtazamaji kitu. Ogi akaamua kijana huyo aandikwe kwa jina lake la kwanza, ICHIRO. Mwenzake Kazuhiro Sato, naye mwenye jina la kila mtaa, aliandikwa kwa lakabu ya "Punch", iliyotokana na mtindo wa nywele zake.

Kwa Wajapani hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu kwenye shughuli rasmi watu huitana kwa majina ya ukoo. Lakini msimu huo huo Ichiro aliupiga mpira na kufika kituo salama mara 210, rekodi ya ligi ya Japan wakati huo. Jina likashika.

Alipohamia Seattle Mariners ya Marekani mwaka 2001 alikwenda nalo mgongoni, na mwaka 2004 akaweka rekodi ya ligi ya huko kwa kufikisha 262. Mwaka 2025 aliingizwa katika jumba la heshima la besiboli la Marekani. Dunia nzima ya mchezo huo inamjua kwa jina alilopewa alipozaliwa.

Jirani zao wa Korea Kusini walipita njia nyingine. Huko mtu mmoja kati ya watano hivi anaitwa Kim. Ukijumlisha na akina Lee na Park, unapata zaidi ya watu 4 kati ya 10. Kwa hiyo jezi za timu ya taifa huongeza herufi za jina la kwanza. Son Heung-min akiwa Tottenham alivaa SON, lakini kwenye Kombe la Dunia alivaa H M SON.

Wabrazili wao hawakuhangaika na jina la ukoo hata kidogo. Akina Silva na Santos wamejaa nchi nzima, hivyo mchezaji hujulikana kwa jina la kwanza au la utani. Edson Arantes do Nascimento ndiye Pelé.

Hata hivyo, majina ya kwanza nayo hugongana. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, kikosi cha Brazil kilikuwa na beki aitwaye Ronaldo Guiaro, ambaye alikuwa na umri mkubwa kuliko Ronaldo mshambuliaji. Mshambuliaji akavaa jezi iliyoandikwa RONALDINHO, yaani Ronaldo mdogo.

Miaka michache baadaye akaja Ronaldo mwingine, mdogo zaidi, na huyo ndiye aliyebaki na jina la Ronaldinho hadi leo. Mwaka 2002 wote wawili walibeba Kombe la Dunia pamoja.

Kwa mzazi wa Kitanzania hilo si geni. Ndivyo mwalimu wa darasa la kwanza anavyofanya akikuta akina Juma wawili: mmoja anakuwa Juma Mkubwa, mwingine Juma Mdogo, na maisha yanaendelea.

Jina la mwisho ni la nani?

Baba anaposema "andika jina la ukoo", mara nyingi anamaanisha jina la mwisho. Lakini kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, jina la mwisho si la ukoo. Ni jina la kwanza la mtu mwingine.

Chukua mfano wa msichana aitwaye Asha Juma Hamisi. Asha ni lake, Juma ni la baba, Hamisi ni la babu. Baba yake anaitwa Juma Hamisi Salehe. Ukichapa jina la mwisho kwenye jezi za wote wawili, mtoto atavaa HAMISI na baba atavaa SALEHE. Asiyejua mila zetu atadhani hawahusiani, kumbe wanalala nyumba moja.

Utaratibu huu hauko kwetu tu. Jezi ya Liverpool ya Mohamed Salah imevaliwa na watoto wengi wa hapa nchini. Salah si jina la ukoo wa mchezaji huyo kutoka Misri. Ni jina la baba yake. Mtoto anayekimbia nayo mtaani amebeba jina la mzee ambaye huenda hamjui kabisa.

Ethiopia nako mtu hubeba jina lake na la baba. Wanariadha Tirunesh na Genzebe wote wameandikwa DIBABA kifuani kwa sababu baba yao ni Dibaba. Tirunesh, mshindi wa medali tatu za dhahabu za Olimpiki, hakubadili jina hata baada ya kuolewa na mwanariadha mwenzake. Kwao wote wawili huitwa kwa majina yao wenyewe.

Iceland, nchi ndogo iliyo kaskazini mwa Ulaya, ina utaratibu unaofanana na huo. Mtoto huchukua jina la kwanza la mzazi, mara nyingi baba, kisha huongezewa neno la "mwana wa" au "binti wa". Ndiyo maana kwenye Kombe la Dunia la 2018 karibu kila mgongo wa timu yao uliishia na "son".

Kikosi hicho kilikuwa na Gylfi Sigurdsson na Ragnar Sigurdsson. Si ndugu. Baba zao tu wote wanaitwa Sigurdur. Nyumbani kwao watu huitana kwa jina la kwanza, na hata kitabu cha simu kilipangwa kwa majina ya kwanza.

Kenya imetoa mfano mzuri kupita yote. Lornah Kiplagat, aliyeikimbilia Uholanzi, alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 2007 na 2008. Florence Kiplagat alitwaa ubingwa huo huo mwaka 2010. Edna Kiplagat akawa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na 2013. Mtangazaji akisema tu "Kiplagat anaongoza", msikilizaji hajui ni nani kati yao.

Zaidi ya hapo, kwa Wakalenjin Kiplagat ni jina la mvulana aliyezaliwa jioni. Yaani wanawake hawa watatu walishinda dunia wakiwa wamebeba kifuani habari ya kuzaliwa kwa mwanamume mwingine. Majina yaliyowatenganisha ni yale waliyopewa wenyewe: Lornah, Florence na Edna.

Wapo pia Watanzania wenye majina ya ukoo hasa, yanayopita kutoka kizazi hadi kizazi. Lakini nenda Kilimanjaro. Akina Massawe, Mushi, Lyimo na Shirima ni wengi kiasi kwamba timu moja ya shule inaweza kuwa na MASSAWE watatu wasio ndugu wa karibu. Hapo kocha anayesoma mgongo hana tofauti na Mkorea anayetafuta Kim mmoja uwanjani.

Pale jina la baba linapokuwa fahari

Pamoja na hayo, jina la baba lina uzito ambao herufi za kwanza haziwezi kuubeba. Mwaka 1968 huko Mexico, Daniel Rudisha alikuwa kwenye timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha ya mita 400 kwa kupokezana vijiti. Mwaka 2012 jijini London, mwanaye David alishinda mita 800 kwa rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91. Kifuani palisomeka RUDISHA, na Mkenya wa rika la baba yake alijua jina hilo lilikotoka.

Mmexico Javier Hernández alipata njia ya kuheshimu baba bila kutumia jina la ukoo. Baba yake, naye mwanasoka, alikuwa na macho ya kijani na aliitwa "Chícharo", yaani njegere. Mtoto akawa "Chicharito", njegere ndogo, na hilo ndilo lililoandikwa kwenye jezi yake ya Manchester United badala ya Hernández, jina linalobebwa na watu wengi sana kwao.

Mtoto aliyelelewa kwa upendo mara nyingi atafurahia kuitwa kwa jina la baba au babu. Linampa picha kwamba hakuja duniani peke yake. Baba anayelitaka mgongoni mwa jezi si lazima awe na majivuno. Pengine ndiyo namna yake ya kusema "huyu ni wangu" mbele za watu.

Pale linapouma

Lakini si kila mtoto analisikia jina hilo kwa namna moja.

Mshambuliaji wa Uholanzi Memphis Depay alizaliwa mwaka 1994 na mama Mholanzi na baba kutoka Ghana. Baba aliondoka nyumbani Memphis akiwa bado mdogo. Alipokua na kuanza kucheza, alichagua kuandikwa MEMPHIS, na ameeleza wazi kuwa hapendi kuitwa Depay. Mwaka 2025 alikuwa mfungaji bora wa wakati wote wa timu ya taifa ya wanaume ya Uholanzi, akiwa na jina hilo hilo la kwanza mgongoni.

Dele Alli wa Uingereza alifanya uamuzi kama huo mwaka 2016 akiwa Tottenham. Aliondoa ALLI, akaweka DELE, na kueleza kuwa hajihisi kuwa na uhusiano na jina hilo la ukoo. Wengi waliona ni mbwembwe za kijana mwenye hela.

Mwaka 2023 alisimulia hadharani utoto wake: kudhulumiwa kingono akiwa na miaka sita, mama aliyekuwa mlevi, na namna alivyochukuliwa na familia nyingine akiwa na miaka 12. Waliomcheka kwa kubadili jina walipata la kufikiria.

Nyumba nyingi za kwetu zina habari inayofanana na hizo, ingawa haitangazwi. Wapo watoto wanaolelewa na mama peke yake, wanaobeba jina la baba wasiyemjua sura. Wapo wanaolelewa na baba wa kambo, na jina lao la mwisho halifanani na la wadogo zao. Wapo wanaolelewa na bibi. Wapo waliofiwa na baba karibuni, na kwa hao jina la baba laweza kuwa faraja kubwa au kidonda kibichi.

Mtoto wa namna hiyo akiambiwa "jezi zote ziandikwe jina la baba", huenda asiseme kitu. Atanuna, atasema jezi inambana, au ghafla hatataka tena mazoezi. Mzazi atadhani ni utundu.

Kwa hiyo kocha au mwalimu anayekusanya majina ya timu ya watoto asitoe amri moja kwa wote. Akiuliza kila mmoja "wewe unataka tuandike nani?", hatalazimika kujua siri za nyumba ya mtu, na hakuna atakayeumia.

Lakabu: ipo ya kumpamba na ya kumdhalilisha

Soka la Tanzania lina jibu lake la tatu, nalo ni jina la utani. Beki wa kushoto Mohamed Hussein, aliyeichezea Simba kwa miaka mingi, anajulikana kama Tshabalala. Ukiita "Mohamed Hussein!" katikati ya Kariakoo watageuka wengi. Ukisema Tshabalala, kila shabiki anajua unamzungumzia nani. Feisal Salum naye ni Fei Toto, na wengi hawamwiti vinginevyo.

Kwa mtoto, lakabu ni tamu kama amejichagulia au ameikubali. Lakini viwanja vya watoto vina majina mengine: Bonge, Kimbaumbau, Mweusi, Kengeza. Wenzake wanacheka, na yeye anacheka nao ili asionekane mnyonge. Likichapwa kwenye jezi, mzaha unakuwa umepigwa muhuri na watu wazima.

Mtoto anayetaniwa kwa unene au wembamba anaweza kuanza kuuonea haya mwili wake, akala kwa kujificha, akaruka milo au akaacha michezo. Michezo hiyo hiyo ndiyo ingemjenga kiafya.

Kipimo ni rahisi. Muulize kama angelitaja jina hilo kwa mwalimu mpya akijitambulisha. Akisita, msiliandike.

Hofu ya mama ina msingi

Turudi kwa mama aliyekaa kimya pale kwa fundi. Mtoto huanza kulitambua jina lake mapema sana. Kufikia miezi tisa watoto wengi hugeuka wanapoitwa, ndiyo maana mtoto wa umri huo asiyegeuka anapaswa kupelekwa kupimwa masikio. Kwa mtoto, anayelijua jina lake ni mtu wa nyumbani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu asiyemfahamu akisoma mgongoni na kuita "Brayan, mama yako amenituma nikuchukue", mtoto mdogo anaweza kuamini. Jina la ukoo halina nguvu hiyo kwa mtoto, kwa sababu hajazoea kuitwa nalo. Namba haina kabisa.

Ni kweli pia kwamba mara nyingi wanaowadhuru watoto ni watu wanaofahamika: jamaa, majirani, marafiki wa familia. Hao hawahitaji kusoma jezi. Kuondoa jina mgongoni hakutoshi kumlinda mtoto, na kuliweka hakumaanishi kuwa mzazi ni mzembe. Kinachomlinda zaidi ni alichofundishwa.

Mfundishe kwamba mtu kujua jina lake si sawa na kumjua yeye. Wekeni neno la siri la familia. Anayedai ametumwa kumchukua alitaje, akishindwa, mtoto asiende naye, akimbilie kwa mwalimu au kocha. Na mtoto ajue kwamba hata mtu anayemfahamu hana ruhusa ya kumshika asivyotaka, na kwamba akisema hatagombezwa.

Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mtoto wake au wa jirani anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Simu nayo iangaliwe. Picha moja ya mtoto akiwa na jezi yenye jina lake, nembo ya shule na bango la uwanja nyuma yake inamwambia mgeni mambo matatu kwa mara moja. Kabla ya kuiweka mtandaoni au kwenye stetasi, ikate au chagua ile aliyotazama mbele.

Kabla ya kumlipa fundi

Jina la jezi halibadilishi jina la kwenye cheti. Kwenye orodha ya mashindano na fomu za shule, mtoto aandikwe majina yote matatu kwa mpangilio ule ule wa cheti cha kuzaliwa. Majina yaliyopinduliwa huleta usumbufu baadaye kwenye mitihani, pasipoti na uthibitisho wa umri. Mgongoni pana uhuru, kwenye fomu hakuna.

Kwa mtoto mdogo anayekwenda mazoezini kwa miguu au kwa daladala, namba pekee, herufi za mwanzo au jina la ukoo vinatosha. Jina la kwanza liwe la jezi ya mechi, inayovaliwa uwanjani na kuvuliwa pale pale. Jina la kutambulisha nguo liandikwe ndani ya kola.

Kama ndugu wawili wako timu moja, ongezeni herufi ya mwanzo, kama Wakorea wanavyofanya. Kama majina yanagongana, tafuteni lakabu nzuri kwa pamoja.

Fikirieni pia anayefuata. Katika nyumba nyingi jezi ya kaka hurithiwa na mdogo wake. Iliyoandikwa jina la kwanza itamfanya mdogo aitwe kwa jina la kaka yake uwanja mzima. Ya namba tu, au ya jina wanalochangia, hurithiwa bila maneno.

Na jina liandikwe kwenye karatasi, fundi aisome, asiandike kwa kusikia. Mwaka 1960 mchezaji wa Chicago White Sox, Ted Kluszewski, aliingia uwanjani na jina lenye Z iliyogeuzwa na X mahali pa K. Mpaka leo linakumbukwa.

Zaidi ya yote, mtoto aulizwe. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya jina, na ya kuwajua wazazi wake na ndugu wa ukoo wake. Mzazi alilichagua jina siku mtoto alipozaliwa, na hakumuuliza kwa kuwa hangeweza kujibu. Sasa ana miaka tisa, na anaweza.

Mpe machaguo mawili au matatu ambayo wewe umeshayaona kuwa salama, kisha mwache achague. Na akichagua jina ambalo hukulitarajia, usimkatalie pale pale mbele ya fundi. Mnaporudi nyumbani muulize taratibu kwa nini. Huenda ni kwa sababu mchezaji anayempenda anaitwa hivyo. Huenda pia ndiyo mara ya kwanza kukwambia jambo ambalo amekaa nalo muda mrefu.

Jezi ikishachapwa, ikunjwe jina likiwa ndani, iwekwe kwenye begi mpaka siku ya mechi. Siku hiyo ivaliwe, na mzazi aliye pembeni ya uwanja amwite mwanaye kwa sauti, kwa jina lile alilolichagua mwenyewe.